Ameondoka kwa Hiari

Kampala, 25 Februari 2024

Mjomba Khisa mpendwa,

Hujambo huko Lwakhakha? Mama Wamalwa naye hajambo, na goti lake linaendeleaje na baridi ya mlimani? Sisi hapa kambini kwa polisi ni wazima. Mwanangu Alal ameingia darasa la nne na ameshaanza kunisahihisha Kiingereza changu, tabia ambayo bila shaka kairithi kwako. Malewa uliyotuma kwa basi, yale machipukizi ya mianzi, yalifika makavu kabisa. Mama aliyapika kwa karanga siku hiyo hiyo, tukala mpaka tukalamba vidole. Anakusalimu.

Masikio yako yameisha na simu haitusaidii tena, kwa hiyo nakuandikia yote kwa karatasi kama unavyotaka. Mjomba, nimeshtakiwa kazini.

Jirani yetu Konstebo Obita alifariki tarehe tisa Januari, gari lao lilipinduka wakirudi doria. Mkewe, Maimunah, ni Mnubi wa Bombo, na Obita alisilimu ili amwoe. Basi Maimunah yuko edani: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, asihame nyumba ya mumewe. Lakini nyumba yenyewe ni hivi vibanda vyetu vya bati vya mviringo, mama-ingia-pole, mali ya serikali, na kuna askari mgeni anaisubiri. Jumatatu iliyopita Afande Otema, mkuu wa kambi, aliniita ofisini akanipa bisibisi.

Sijui kama zama zenu ilikuwa hivi. Siku hizi mjane wa polisi hatolewi kwa nguvu na vyombo vyake havitupwi nje. Unakwenda na bisibisi, unang'oa mlango, unaupeleka stoo. Mwanamke hawezi kukaa na watoto ndani ya bati lisilo na mlango. Siku ya pili, ya tatu akijitahidi sana, anafunga mizigo mwenyewe. Halafu fomu inajazwa: Ameondoka kwa hiari.

Nilifika mpaka kizingitini. Maimunah alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawe wawili. Akaniangalia, akaiangalia bisibisi, hakulia. Alisema tu, “Dada, mimi bado na siku themanini na saba.”

Nikarudi nikaiweka bisibisi juu ya meza. Afande Otema akasema, “Amony, toa hiyo mlango. Hii ni amri, si maombi.” Nikasema, “Afande, sitatoa.” Askari sita walikuwepo na wote walisikia.

Karatasi ya mashtaka iko kwa Kiingereza, na kosa limeandikwa kwa neno moja, defiance. Sauti yake naijua, uzito wake siujui. Wewe ndiye uliyewafundisha makuruta Kiingereza jioni, hata Afande Otema anajisifu kuwa alikuwa mwanafunzi wako. Nakumbuka ulivyokuwa ukisema kwamba neno bila sentensi ni kofia bila kichwa. Basi nipe maana yake, na unipe sentensi.

Naambiwa nikitia sahihi kukiri kosa na kwenda kuung'oa mlango, itakuwa onyo tu. Nikikataa, kikao cha nidhamu ni tarehe kumi na moja Aprili. Naweza kufukuzwa, na nikifukuzwa kibanda chetu nacho kimekwenda, mimi na Alal na Mama. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Amony


Lwakhakha, 10 Machi 2024

Kwa mpwa wangu Amony,

Pokea salamu za nyumba hii. Barua yako imechukua siku kumi na moja. Utingo aliisahau kwenye basi ikaenda na kurudi Mbale mara mbili. Goti la Mama Wamalwa ni lile lile. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa ndama jike na mvua zimeanza vizuri. Mwambie Alal asichoke kukusahihisha.

Sasa neno lako. Watu hulitafsiri haraka haraka, kila mmoja na lake. Kwa mtoto ni ukaidi. Kwa askari mwenye bunduki linasogea karibu na uasi, na hapo ni hatari. Kwa mtu anayefanya jambo huku akijua limekatazwa, utasema amekaidi sheria. Lakini yote hayo yana kitu kimoja ndani yake ambacho makuruta wangu hawakukishika kamwe. Neno hili linahitaji uso. Askari anayesingizia kuumwa tumbo, anayechelewa makusudi, anayesema ndiyo afande halafu haendi, huyo si wa neno hili. Huyo ni mvivu au mwoga. Wa neno hili husimama mbele ya mkubwa, akamtazama, akakataa waziwazi, watu wakiona.

Sentensi: Mlevi alikataa kutoka baani ingawa mwenye baa alimwamuru mbele ya wateja.

Umeniuliza ufanye nini. Tia sahihi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu si lako peke yako, ni la mama yako na la mtoto. Maimunah ana ndugu zake Bombo, hatalala barabarani. Nakuhurumia, lakini nimevaa zile nguo miaka thelathini na moja, najua zinavyokwenda. Mlango ni bati tu, mwanangu.

Umegusia zama zetu. Zama zetu zilikuwa na mambo yake.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako,
Khisa


Kampala, 24 Machi 2024

Mjomba mpendwa,

Hongera kwa ndama. Alal anataka aitwe Jumapili, nami nimemwambia jina la ndama wa mtu haliamuliwi kutoka Kampala. Mama hajambo, biashara yake ya samaki wa kukaanga pale Kansanga inakwenda polepole. Waislamu wamo kwenye mfungo, na jioni Maimunah hutuletea uji wa tangawizi kupitia wanawe, maana mwenyewe hatoki.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeniambia nitie sahihi, lakini maana uliyonipa inanishtaki. Nilisimama, nilimtazama, nilikataa, na watu waliona. Siwezi kwenda kusema sikufanya. Nitakachosema kikaoni ni kwamba ndiyo, nilikataa, ila sikukosa. Sijui kama Kiingereza kina nafasi ya mtu wa namna hiyo.

Kuna jambo limetuchekesha hapa, ingawa si la kuchekesha. Karani aliyeandika mashtaka ameuorodhesha mlango wa Maimunah kama kidhibiti, yaani ushahidi wa kesi, na kidhibiti hakiguswi mpaka kikao kiamue. Afande Otema alimfokea karani, lakini karatasi ilikuwa imeshapigwa mhuri na kwenda makao makuu. Kwa hiyo mlango upo kwa sababu ya kesi yangu. Nikitia sahihi leo, kesi imekwisha, na bisibisi inarudi kesho asubuhi. Eda yake inakwisha tarehe kumi na sita Mei. Hesabu hiyo naifanya kila siku kama ni yangu.

Mjomba, niliposoma kwa sauti pale uliposema mlango ni bati tu, Mama alinyanyuka akasema anakwenda kuangalia jiko. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Mimi nilikuwa na miaka sita Baba alipofariki, mwaka 1998, na ninachokumbuka cha kambi ile ni kitu kimoja. Niliamka jua likinipiga usoni, na pale pa mlango palikuwa wazi. Kila nikimuuliza Mama husema, “Tulitoka sisi wenyewe.” Wakati ule ulikuwa koplo wa makazi katika kambi hiyo hiyo. Ilikuwaje? Nisaidie kukumbuka, huenda ikanisaidia kikaoni.

Wako,
Amony


Lwakhakha, 2 Aprili 2024

Kwa Amony,

Pasaka imepita salama. Nakutumia maharagwe debe moja, mchambue kabla ya kupika, yana mawe.

Sina la kuongeza juu ya ushauri wangu. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Kuhusu mwaka 1998, kumbukumbu zangu si nzuri, na mambo ya kambi ni mengi.

Khisa


Kampala, 21 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Maharagwe tumeyapata, ahsante. Idi ilipita vizuri, Alal alikula pilau nyumba tatu. Mama hajambo. Safari hii hakusema nikusalimie, na mimi sitatunga salamu ambayo hakuitoa.

Kikao hakikufanyika. Mwenyekiti alikuwa safarini, wakasogeza hadi tarehe ishirini na tatu Mei. Nilipopata habari hiyo nilikwenda nyuma ya stoo nikalia kwa furaha, kisha nikaogopa, kwa sababu Afande Otema hana furaha hata kidogo. Ameninyima likizo, na kila siku ananipanga kulinda lango lenye jua. Alhamisi alinikuta pale akasimama pembeni yangu kwa muda. Mtu huyu si katili, Mjomba. Amechoka, na anawaogopa waliomzidi cheo. Nilimwambia sitatia sahihi. Akatikisa kichwa, akasema, “Mjomba yako alikuwa polisi ya kweli. Uliza yeye nani alitoa mlango ya mama yako.”

Nimekaa na maneno hayo siku tatu kabla ya kushika kalamu.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Salamu kwa Mama hukutia, na chini ya habari ya maharagwe ulifuta msitari mmoja mpaka karatasi ikatoboka. Tangu nizaliwe hujawahi kutufutia msitari. Tangu tutoke kambi ile hujakanyaga kwetu pia, hata harusi yangu ulituma mbuzi na barua. Sisi tulidhani ni masikio, lakini masikio yalianza kufa juzijuzi tu.

Sikuulizi tena kuhusu kumbukumbu. Nakuuliza kama ninavyoulizwa mimi. Nani aling'oa mlango wetu?

Amony


Lwakhakha, 12 Mei 2024

Mpwa wangu Amony,

Salamu sina za kutosha leo, nisamehe. Mama Wamalwa ni mzima, na ndama tumemwita Jumapili. Barua yako nimekaa nayo kwa zaidi ya wiki mbili ndani ya Biblia, mahali ambapo mke wangu hatazami.

Ni mimi.

Baba yako Ogwal alizikwa Lira mwezi wa nane. Mama yako alirudi Kampala na wewe kuchukua vitu na kupumzika, akiwa bado na kichwa kilichonyolewa cha matanga. Alimwomba mkuu wa wakati ule mwezi mmoja tu. Siku ya tisa baada ya maziko mkuu akaniita. Koplo wa makazi nilikuwa mimi, lakini wangeweza kumtuma mwingine. Alinituma mimi kwa sababu alijua mama yako Nerima ni dada yangu wa tumbo moja, na alitaka aone kama nitatii. Nilisema, “Ndiyo, afande.” Hakuna aliyenilazimisha zaidi ya hapo. Sauti haikunitetemeka.

Nilichagua alfajiri, mkiwa mmelala, ili nisionekane. Skrubu zilikuwa sita. Kila moja niliipaka mafuta kwanza ili isilie. Nilikuwa fundi mzuri, Amony, mlango ule ulitoka bila sauti yoyote, nikaubeba mgongoni hadi stoo. Siku mbili baadaye mama yako alikuja nyumbani kwangu kuniomba nimtafutie pikapu ya kubebea kitanda. Nikaitafuta. Akanishukuru. Alisimama mlangoni pangu, mlango wangu mimi ulikuwepo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru. Kisha nikaenda ofisini nikajaza fomu kwa hati yangu nzuri: Ameondoka kwa hiari. Mwezi wa kumi na moja nikaongezewa tepe ya tatu begani, nikawa sajenti.

Tangu siku ile sikuweza kukaa chumba kimoja na dada yangu. Nimekuwa nikituma malewa na maharagwe kama mtu anayejaza shimo kwa kijiko.

Nilikuandikia kwamba neno lile linahitaji uso. Nililijua hilo vizuri kwa sababu asubuhi ile mimi sikuwa na uso. Vitabu vinasema kinyume cha neno lako ni utii. Utii wangu ulikuja kwa kunyata, na mafuta ndani ya kichupa. Nilikushauri utie sahihi kwa kuwa, ukikataa ulichokataa na dunia isianguke, basi mimi nami ningeweza kukataa. Hilo ndilo nililoliogopa miaka yote, wala si cheo chako.

Karatasi ya pili iliyomo humu ni maelezo yangu ya kiapo, yana sahihi na namba yangu ya zamani ya polisi. Nimeeleza jinsi kazi ile inavyofanywa na kwamba fomu niliyoijaza ilikuwa ya uongo. Isome mbele yao au uichane, ni yako. Wakitaka kugusa pensheni yangu, waiguse.

Mama yako msomee barua hii. Mimi siwezi kumwandikia, nimejaribu na ule msitari uliotoboka ulikuwa wake.

Bado nina deni lako la sentensi. Ile ya mlevi ilikuwa ya aibu. Andika hii: Amony aliamriwa kuung'oa mlango wa mjane, alimtazama mkubwa wake machoni, akasema hatang'oa.

Khisa


Luzira, 2 Juni 2024

Mjomba Khisa,

Salamu kutoka makao mapya. Alal hajambo, shule yake imekuwa mbali lakini amepata rafiki wa kwenda naye. Mama hajambo. Umeona hapo juu, tuko Luzira, chumba kimoja na ukumbi mdogo, upepo wa ziwa unatufikia. Nimefukuzwa kazi.

Nikupe mambo kwa mpangilio. Tarehe kumi na sita Mei eda ya Maimunah ilikwisha. Alioga, akavua nyeupe, akavaa gauni la kijani ambalo Obita alimnunulia. Kesho yake kaka yake alikuja na gari kutoka Bombo. Vitu walivitoa taratibu, mchana, majirani tukisaidia. Alipomaliza alifagia ndani, akaufunga mlango mwenyewe kwa kufuli, akanipa ufunguo mkononi. Alisema, “Sasa ndio mimi naondoka kwa hiari.” Mjomba, hiyo ndiyo fomu pekee ya aina ile ambayo haikudanganya.

Siku ya kikao waliuleta mlango, walioung'oa nyumba ilipobaki tupu, kwa kuwa ni kidhibiti, wakauegemeza ukutani nyuma ya mwenyekiti. Niliulizwa kama nilikataa amri nikasema ndiyo. Niliulizwa kama najuta nikasema hapana. Kisha nikaomba kusoma maelezo yako. Niliyasoma yote, na sauti ilinitetemeka mwanzo mwisho. Nilipofika kwenye mafuta na skrubu, Afande Otema aliinamisha kichwa na hakukiinua tena mpaka nilipomaliza. Aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni badala ya kuiweka kwenye faili. Sijui ataifanyia nini. Wakatoka, wakarudi, wakanisomea kufukuzwa na siku kumi na nne za kuhama.

Sikungoja kumi na nne. Siku ya kukabidhi kibanda karani alinipa fomu nitie sahihi, na maneno yalikuwa yameshapigwa chapa. Nikayakata kwa kalamu, nikaandika juu yake: Ameondolewa. Karani akasema fomu itakataliwa. Nikamwambia ikikataliwa aniite, nitaandika nyingine vilevile.

Sitakudanganya kwamba sina hofu. Kazi sijapata, na usiku naihesabu akiba ya Mama kichwani. Naililia ile sare, nilipenda kuipiga pasi. Lakini Alal aliniuliza kwa nini tumehama, nikamweleza mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu.

Barua yako nilimsomea Mama Jumapili baada ya ibada. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua mpaka nilipofika mwisho, hata pale pa pikapu. Nikadhani hakusikia. Nikamwita. Akaweka ungo chini.

“Mimi nilikuwa macho,” akasema. “Nilimwona. Aliingia, akakuona shuka imekutoka miguuni, akakufunika kwanza. Ndio akaenda kwa mlango. Mimi nikafumba macho, kaka yangu asipate haya.”

Nilimuuliza kwa nini basi alikwenda kukushukuru. Alisema pikapu ilikuwa kazi ya kweli na ilistahili shukrani. Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu miaka yote ishirini na sita. Akasema alikuwa anakungoja wewe uanze, na kwamba ulichelewa sana, na kwamba malewa alichoka nayo tangu mwaka wa tatu. Hapo alilia. Nami nikalia. Baadaye akauchukua ungo akaendelea.

Amenipa ujumbe niuandike kama alivyousema. Mlango wa chumba hiki unakwama chini, na bawaba ya juu imelegea, haufungi mpaka uuinue kwa bega. Nilitaka kumwita fundi wa hapa mtaani, Mama amekataa. Anasema uje wewe na bisibisi yako, uje mchana.

Mpwa wako,
Amony